Jina la Buibui wa Mbita

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wahamasishaji wa afya ya jamii, Homa Bay



Nyumbani kwangu nina chupa 11 ambazo haziwezi kumsaidia mtu yeyote. Ndani yake mna buibui niliowakusanya nikiwa mwanafunzi wa chuo, wengine kando ya mto Migori, wengine juu ya mawe yenye jua, wengine kwenye kuta za jikoni za watu walionikaribisha chai. Niliwatia katika spiriti, nikafunga vifuniko, nikajiambia kwamba karatasi za maelezo nitaandika jioni. Jioni hiyo haikufika. Leo siwezi kuapa ni yupi aliyetoka wapi, wala mwezi gani, wala kama alikuwa juu ya jani au juu ya udongo. Miili ipo, ushahidi umepotea. Sijazitupa chupa hizo, na kila nikizitazama zinaniuma. Nimeona niwaambie habari zake kabla ya kuwasimulia ya buibui mwingine, wa Mbita kando ya ziwa, ambaye watu walimtendea alivyostahili.

Mtu akisikia neno buibui, akili humpeleka kwenye utando: ule ulioziba mlango wa pango katika kisa cha Hijra ya Mtume, au ule wa pembe ya dari unaofagiliwa kabla ya sikukuu. Buibui wangu wa leo hategi utando. Ni wa ukoo wa warukaji, ambao wataalamu wanauita Salticidae, ukoo mkubwa kuliko koo zote za buibui duniani. Spishi zake zilizokwisha kupewa majina zimepita 6,000. Ana macho manane, na mawili ya katikati mbele ni makubwa kama taa za lori. Nyuma ya kila moja la hayo mawili kuna mrija mrefu ulioingia kichwani, na buibui huuchezesha mrija huo ndani kwa ndani huku uso wenyewe umetulia. Ndiyo maana ukimsogelea hugeuka akakutazama. Anakutazama kweli. Akitaka kuruka hutia uzi ukutani kama mtu anayefunga kamba kabla ya kushuka kisimani, kisha husukuma maji ya mwili wake kwa nguvu hadi miguuni, kwa sababu viungo viwili vikuu vya mguu wake havina msuli wa kuunyoosha. Maji ndiyo yanayomrusha.

Yule wa Mbita ana urefu wa milimita 5 hivi. Ni mdogo kuliko punje ya mahindi. Dume lake lina uso mwekundu, wekundu unaouona hata bila lenzi ukiwa na subira. Mchana hukaa chini chini katika majani na nyasi karibu na nyumba za watu, na akitaka kula hupanda shina la mti au ukuta. Anaishi kandokando ya Ziwa Victoria, upande wetu wa Kenya na upande wa Uganda.

Mwaka 2003, jarida moja la elimu ya wanyama linalochapishwa Warszawa, Poland, lilitoa makala ya kurasa nne juu yake. Waandishi walikuwa wawili: Wanda Wesołowska wa Chuo Kikuu cha Wrocław, ambaye amewapa majina mamia ya buibui warukaji wa Afrika, na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, aliyekuwa akifanya utafiti pale Mbita katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu. Walimpa jina Evarcha culicivora. Evarcha ni jina la jenasi, lililokuwepo tangu 1902, alipolitunga Mfaransa Eugène Simon. Culicivora ni Kilatini cha kutengeneza, na maana yake ni mla mbu.

Kurasa nne. Nataka mzitazame kurasa hizo kwa makini, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kumpa kiumbe jina ni sherehe ya dakika moja, kama kumwita mtoto kwa jina la babu yake.

Kwanza neno “mpya”. Buibui huyu alikuwa hapa kabla ya Mbita kuwa na ukuta hata mmoja. Wazee wetu walimwona, watoto wakamchezea. Upya unahusu daftari la sayansi, na daftari hilo lina sheria. Kwa wanyama karibu wote, majina yanayotambuliwa huanzia mwaka 1758, katika kitabu cha Linnaeus. Kwa buibui peke yao yanaanzia mwaka mmoja kabla, 1757, kwa sababu Msweden mwingine, Carl Clerck, alikuwa ameshatoa kitabu kizuri mno juu ya buibui wa nchi yake hata ikaonekana ni dhuluma kukipuuza. Anayetaka kusema “huyu ni mpya” ni lazima awe amepitia kila kilichoandikwa tangu wakati huo juu ya jamaa za buibui wake. Na hapo ndipo Mwafrika hukutana na mlima: vielelezo vya zamani vya buibui wetu, wale wa kwanza kabisa kupewa majina, wengi wamo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kumjua jirani yako wa ukutani, inabidi uandike barua London au Paris.

Halafu kuna suala la dume na jike. Kwa warukaji wengi dume na jike hawafanani hata kidogo, rangi mbali, umbo mbali. Imetokea mara nyingi mtaalamu akampa dume jina lake na jike jina jingine, akidhani ni spishi mbili. Hapa kituo cha Mbita kilikuwa na faida kubwa, kwa sababu buibui walifugwa maabara. Ukishamwona jike akitaga na watoto wakikua mbele yako, madume kwa majike, hakuna tena wa kubishana nawe.

Kisha huja kazi yenyewe, ambayo ni ya viungo vya uzazi. Watoto msicheke, na wakubwa msione haya, hii ndiyo elimu yenyewe. Rangi ya buibui hudanganya, na spiriti huifuta. Ukimtia leo mwekundu, baada ya miaka michache utamtoa kahawia. Umbo la mwili nalo linafanana mno kati ya ndugu. Kisichodanganya ni palpi za dume, ile mikono miwili mifupi mbele ya mdomo, ambayo mwisho wake umevimba na una kijiti kilichopinda kwa namna ya spishi hiyo tu. Na kwa jike, kibamba kidogo chini ya tumbo chenye matundu na mifereji inayolingana na kijiti hicho. Ni kama kufuli na ufunguo wake. Mtaalamu humlaza buibui chini ya darubini, hutoa palpi ya kushoto kwa sindano, huchora. Kibamba cha jike hukisafisha kwa dawa mpaka nyama ziyeyuke, ibaki mifereji, huchora tena. Picha za kamera zipo siku hizi, tena nzuri, lakini mchoro wa kalamu haujapoteza kazi. Mchoraji analazimika kuamua kila mstari uko wapi, na asiyeelewa hawezi kuchora.

Baada ya vipimo na michoro, buibui mmoja huchaguliwa. Mmoja tu. Anaitwa holotaipu, na yeye ndiye shahidi wa jina hilo milele. Wengine wote wanaweza kujadiliwa, kuhamishwa jenasi, kugawanywa. Jina linabaki limefungwa kwa mwili huo mmoja ndani ya chupa katika jumba la makumbusho. Na pamoja na mwili kuna kikaratasi: nchi, mahali, tarehe, makazi, mkusanyaji. Sasa mnaelewa kwa nini chupa zangu 11 ni kaburi. Ndani yake huenda mna spishi ambayo haijaandikwa bado. Hata ikiwemo, haina pa kusimama.

Tuje kwenye faida, maana najua wahamasishaji wa afya wana swali lao na wana haki ya kuliuliza.

Baada ya jina kuchapishwa, maswali yalianza kukusanyika mahali pamoja. Mwaka 2005, katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kitu ambacho hakikuwahi kujulikana kwa mwindaji yeyote: buibui huyu hupenda damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, nasi tukiwemo, lakini hana mdomo wa kutoboa ngozi. Basi huifuata damu ndani ya mbu jike aliyekwisha kunyonya. Walimpa chaguo. Mbu mwenye damu, mbu jike aliyekula sukari tu, mbu dume, na wale wadudu wa ziwani ambao nyote mnawajua, wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuingia hadi kwenye sahani. Alimchagua mwenye damu. Alimchagua kwa kuona peke yake, bila harufu, na kwa harufu peke yake, bila kuona.

Fikirini ugumu wa uchaguzi huo. Jioni za Mbita wadudu wa ziwani ni maelfu kwa maelfu, na kwa umbo wanafanana na mbu hata mwanadamu hukosea. Buibui wa milimita 5 anasimama katika wingu hilo na kumtafuta mmoja. Anajuaje? Mwaka 2012 Nelson na Jackson walitoa jibu kwa majaribio ambayo mimi nayaona kuwa kazi ya ufundi wa sonara. Walichukua mbu waliokufa, wakaunganisha kichwa cha huyu na mwili wa yule: tumbo jekundu la jike lenye kichwa cha dume, chenye papasi za manyoya mengi, na tumbo lile lile lenye kichwa cha jike, chenye papasi nyembamba. Buibui walimpendelea mwenye papasi za jike. Haangalii wekundu wa tumbo tu. Anasoma na kichwa.

Na watoto wake wana ujuzi zaidi. Anayefundisha juu ya malaria anajua kwamba mbu wa Anofelesi akitua huinua sehemu ya nyuma, mwili wake ukaegemea kama mkuki uliochomekwa. Mbu wengine hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta. Kitoto cha Evarcha culicivora, kidogo kuliko windo lake, kikimwona Anofelesi huzunguka mbali, huja kwa nyuma, huingia katika ule uwazi chini ya tumbo lililoinuka, hushambulia kutoka chini. Kwa mbu wa namna nyingine hakifanyi hivyo. Mkao ambao mwalimu wa afya huuchora ubaoni kitoto hiki kinaufahamu bila kufundishwa.

Yapo mengine mengi. Aliyekwisha kula mbu mwenye damu hupata harufu inayowavutia wa jinsia ya pili, dume kwa jike na jike kwa dume. Huvutwa na harufu ya lantana, ule mmea wa ua wenye maua ya rangi mbili tatu, na ya mbarika, na hunywa nekta. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson waliripoti kwamba huvutwa na harufu yetu sisi. Walitumia soksi zilizovaliwa na soksi safi, na buibui wakazifuata zilizovaliwa. Kwa hiyo anakaa karibu na nyumba zetu kwa sababu ile ile inayomleta mbu.

Sasa swali la wahamasishaji: je, atamaliza malaria? Hapana. Nasema wazi kwa sababu nimesikia watu wakilivumisha jambo hili sokoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria katika asilimia 6 ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 nchini Kenya, lakini katika ukanda wetu wa ziwa ilikuwa asilimia 19. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya hapa hapa kaunti ya Homa Bay, Septemba 13, 2019, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipata. Hakuna aliyeichagua heshima hiyo. Tuliipata kwa wingi wa makaburi madogo. Chandarua, dawa, chanjo na matibabu ya mapema ndiyo silaha. Buibui mmoja anakula mbu wachache, na mbu wanaozaliwa katika dimbwi moja la kwato za ng'ombe ni wengi kuliko buibui wa boma zima. Nimwombalo mama mwenye nyumba ni dogo: akimwona kijibuibui kinachoruka kwenye ukuta wake, asikiue. Hakimdhuru mtoto.

Lakini mtafiti anayetaka kujua jinsi mbu anavyotambulika, kwa harufu ipi, kwa umbo lipi, amepata mwalimu. Na mwalimu huyo asingepatikana bila jina. Aliyefanya jaribio Mbita na aliyefanya jaribio maabara ya ng'ambo wanahitaji kuwa na hakika kwamba wanazungumza juu ya mnyama mmoja. Kurasa zile nne ndizo zinazowapa hakika hiyo.

Kuna jambo linalonigusa katika mwaka ule jina lilipochapishwa. Mei 2003 alifariki Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyeanzisha icipe mwaka 1970, na kampasi ya Mbita leo inaitwa kwa jina lake. Watu humkumbuka kama mjenzi wa taasisi. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950, akifanya kazi Kawanda, Uganda, kijana Odhiambo alikuwa akikaa juu ya darubini na kuandika maelezo ya spishi mpya za kunguni wa mimea wa familia ya Miridae. Alivipima viungo vyao, akavichora, akawapa majina. Mwafrika wa ziwani, wakati wa ukoloni, akiandika katika majarida ya Uingereza “hii ni spishi mpya” na akaaminiwa kwa sababu michoro yake ilikuwa sahihi. Kila ninapomsikia mwanafunzi akisema kwamba kuainisha wadudu ni kazi ya wageni, humtajia Odhiambo wa Kawanda.

Na ukweli mwingine nao tuutazame. Katika makala ya 2003 jina la mtu wa ziwani halimo kwenye orodha ya waandishi. Katika ile ya 2005 limo, la Sune. Sitaki kumpunguzia Wesołowska hata chembe. Bila jicho lake tusingekuwa na jina. Ninachosema ni kwamba anayemtoa buibui kwenye nyasi saa kumi jioni, anayejua kwamba baada ya mvua hupanda ukutani, huyo naye ana elimu, na elimu hiyo ina mahali pake katika karatasi iliyochapishwa.

Wanafunzi wa Migori, nawageukia nyinyi. Mnaishi kati ya mto Kuja na Muhuru Bay, na mna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Walinzi wa mahali hapo watawaeleza historia ya kuta. Mimi nawaomba mkae kimya dakika 20 mbele ya jiwe lenye jua, bila kugusa kitu, mtazame nani anatoka kwenye nyufa. Mwaka mmoja kabla ya mla mbu wetu, 2002, Wesołowska na Kora Salm walimpa jina mrukaji mwingine wa kandokando ya ziwa hili, Myrmarachne melanotarsa, anayefanana na chungu wadogo weusi wa mitini hata hutembea kama wao, tena huishi kwa makundi, jambo la nadra kwa buibui. Wangapi kati yenu wamemwona wakadhani ni mdudu chungu? Mnamo 2022 orodha ya buibui wote wa dunia ilifika spishi 50,000, na huyo wa 50,000 alikuwa mrukaji, wa kusini mwa Brazili na nchi jirani. Wataalamu wanasema bado nusu ya kazi haijafanywa.

Anayetaka kuanza asianze na chupa. Aanze na daftari: tarehe, saa, mahali, juu ya kitu gani, anafanya nini. Picha ya simu kutoka mbele, juu na ubavuni. Kukusanya ni hatua ya baadaye, na ina sheria zake; kibali cha utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vielelezo vina nyumba yake katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako wako watu watakaowapokea. Na siku mtakayoruhusiwa kumtia wa kwanza katika spiriti, karatasi iandikwe hapo hapo, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka, na iingie ndani ya chupa, isibandikwe nje.

Nimemaliza maneno. Pale nyuma karibu na dirisha kuna darubini mbili. Chini ya ya kwanza kuna palpi ya kushoto ya dume. Tafuteni kijiti kinachopinda, kiko upande wa juu. Chini ya ya pili kuna uso mzima, macho yote manne ya mbele. Watoto waanze, wa sakafuni kwanza, halafu wahamasishaji, maana wana safari ndefu. Msiguse meza, ikitikisika ataondoka kwenye duara na itabidi tumtafute upya.